Sindano Kwenye Karata za Mujomba

Alunguli, 3 Februari 2024

Kwako Mujomba Sudi, mwalimu wa Punia,

Salamu kwako, kwa mke wako mama Malaika na kwa watoto. Huku tuko wazima. Mama yangu Safia, dada yako, goti yake inauma kila mara mvua ikitaka kuja, kwa hiyo avenue nzima wanamuuliza yeye kabla ya kuanika mihogo. Mimi mwipwa wako Idrissa nimekuwa murefu, mulango wa nyumba naingia kwa kuinama. Masomo unajua niliacha ku mwaka wa tatu, usinianzie tena. Sasa niko na kazi kwa Mamy, mwenye ile sekretaria karibu na soko. Natoa fotokopi, nachapa mialiko ya ndoa, naandikia watu barua za kuomba kazi. Juzi niliandikia muntu mumoja, kazi akaipata. Nikabaki najiuliza kwa nini sijiandikie na mimi.

Ningekupigia simu, lakini nimejaribu mara kumi na moja na ule mwanamuke wa ndani ya simu anajibu paka yeye peke yake. Nimempa Gérard, motari wa njia ya Punia, hii karatasi. Amesema akianguka kwenye tope atainua barua kwanza, pikipiki baadaye. Simuamini.

Neno lenyewe ni hili. Paa lilivuja, tukahamisha vitu vya chini ya kitanda cha mama, nikakuta kopo la maziwa la zamani limefungwa na mupira. Ndani iko karata arobaini na mbili, za kartoni, zimechorwa na biki na kupakwa rangi ya majani. Mamba, Bariyeri, Kuku, Chumvi, Treni Isiyofika, Mama wa Soko. Chini ya kila moja iko maandishi madogo: huyu anashinda yule, huyu anangojesha yule. Mama akasema, "Ni za mujomba wako, za wakati wa vita. Ukiharibu moja nitakuharibu wewe."

Mujomba, nimeona vijana wa mujini wakicheza karata za kununua, zinazotoka ng'ambo, na majoka yanayotema moto. Karata yako ya Kuku inawapita. Nataka kuzichapa. Vakansi ikianza, shule zikifungwa, nyumba ya vijana itafanya feti, michezo na ngoma, na mimi nitakuwa na meza yangu. Mamy amekubali, lakini amekaza: bila ruhusa na majina ya waliotengeneza, mashini yake haiwaki. Zamani alichapa nyimbo za kwaya bila kuuliza, kwaya nzima ikaja kusimama mbele ya mulango wake.

Tena nimegundua siri yako. Mamba ana sikio, mamba wa wapi mwenye sikio? Na lile sikio limekatika juu, kama lako lile mbuzi alikula. Nimelikuta kwa Kuku, kwa Sokwe, hata Treni uliipa sikio. Ulijificha mwenyewe ndani ya karata zako. Usifikiri kuna kitu kinanipita.

Mwipwa wako, macho makali,
Idrissa

*

Punia, 27 Februari 2024

Mwipwa wangu Idrissa,

Barua yako imefika, upande mmoja ni maandishi na upande wa pili ni tope, na ule wa tope ndio una makosa machache. Nimeisahihisha kwa biki nyekundu na ninakurudishia. Usikasirike, mkono wa mwalimu haujui likizo.

Sisi ni wazima. Malaika anakusalimu. Watoto walipata surua, wamepona, sasa wanapigana vizuri tena. Darasa langu lina wanafunzi sabini na madawati kumi na manne. Mwambie dada yangu apake goti mafuta ya mawese ya moto, asikae nalo kama redio.

Kuhusu karata, nimecheka peke yangu mpaka direkteri wa shule akaja kuchungulia. Nilimwachia dada zamani, sikujua alizitunza. Ndiyo, ilikuwa mwaka 2002. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimevuka mto kuja Alunguli na bidoni ya mawese, dumu la plastiki, na siku ileile wakafunga kivuko. Ng'ambo niliyotoka wako wenye bunduki, porini upande wa Alunguli wako wenye bunduki wengine, na katikati niko mimi na mawese yangu. Nilibaki wiki saba katika nyumba ya watu, maana dada alikuwa bado hajahamia Alunguli. Shamba hakuna, soko hakuna, shule hakuna. Mtu akikosa kazi ya kufanya, anasikiliza risasi tu, na hiyo si kazi ya mtoto. Ndipo karata zikazaliwa, kwenye kartoni za sabuni.

Kila mchezaji anashika tatu. Chumvi inashinda wote, kwa sababu wakati ule tulikuwa tunaiota. Mvua tu ndiyo inayoiyeyusha. Bariyeri inazuia kila mtu isipokuwa Kuku, kwa maana askari wa bariyeri akimwona kuku husahau mengine. Ukitupiwa Treni Isiyofika, unangoja zamu mbili.

Ruhusa ninakupa. Mwandikie Mamy: aliyetengeneza ni Sudi. Ni mimi. Sikio ni langu. Basi.

Mjomba wako,
Sudi

*

Alunguli, 19 Machi 2024

Mujomba mupendwa,

Salamu za mwezi wa kufunga. Mama anafunga, mimi pia nafunga, isipokuwa ile siku ya kwanza ambayo nilisahau, na ile ya pili ambayo nilikumbuka kwamba nilisahau. Goti limepokea mafuta na limenyamaza, sasa watu wananung'unika kwamba mihogo yao inanyeshewa bila habari.

Makosa yangu ya biki nyekundu nimeyahesabu: ishirini na tisa. Matatu ulisahihisha vibaya, lakini mimi ni mutu wa heshima.

Sasa kaa chini. Umesema uliyetengeneza ni wewe, basi, na lile "basi" umelikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Mimi nikarudi kwenye karata na kioo cha Mamy cha kukuzia maandishi. Sikio liko kwenye karata ishirini na tano. Na hizi kumi na saba zingine? Hazina sikio hata moja. Zina sindano, Mujomba. Sindano yenye uzi. Mama wa Soko ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Kwenye Samaki imelala kati ya miiba. Hata kwenye Treni Isiyofika, ambayo ni moja ya zile zenye sikio, niliitafuta siku mbili, nikaiona imejifanya mbao ya reli, na pale ng'ambo ya reli liko sikio lako. Hiyo moja mulichora pamoja.

Na tena, usikasirike, zile za sindano ni nzuri kupita zako. Mamba wako ni kama muhogo wenye meno. Lakini yule Mama wa Soko anakuangalia mpaka unatafuta mufuko.

Nani mwenye sindano? Mimi najua. Ulikuwa na miaka kumi na sita, wiki saba ndani ya nyumba, na muntu anachora vizuri karibu yako. Ni mupenzi. Ndiyo maana hutaji jina, unaogopa mama Malaika. Usiogope, mimi ni kaburi. Ila nimechora karata yangu moja ya kuongeza, ya arobaini na tatu. Inaitwa Mupenzi wa Sindano: msichana mwenye shingo ndefu, na sikio lako limening'inia kwenye shanga zake. Anayeitupa, mwenzake anasahau karata zote za mukononi. Mamy alicheka mpaka akapaliwa. Lakini bado anataka jina.

Mwipwa wako, polisi wa siri,
Idrissa

*

Punia, 11 Aprili 2024

Idrissa,

Idi imepita salama. Tulikula wali na kuku, watoto walivaa mpya. Mvua imekata daraja, kwa hiyo sijui barua hii itafika lini. Madawati yamekuwa kumi na mawili. Mbuzi wangu amezaa majike mawili.

Ile karata yako ya arobaini na tatu, ichome. Usimwonyeshe mtu. Sikuulizi, ninakuagiza.

Kuhusu mengine uliyoandika, goti la dada yangu linaendeleaje?

Sudi

*

Alunguli, 2 Mei 2024

Mujomba,

Salamu. Goti ni zima. Mimi njo mugonjwa, mimi ndiye.

Barua yako ya kuchoma karata Gérard aliileta jana. Ingekuja wiki moja kabla, ningekuwa bado na heshima ku hii avenue. Acha nikueleze kwa mupango, nisilie.

Nilitaka kila pakiti ya karata iwe na kifuko chake cha kitambaa, kama vitu vya watu wakubwa. Kushona, nikasema nitapeleka kwa muntu wa familia, atanifanyia bila maneno mengi. Nani anashona ku familia yetu? Nkambo Mwanahamisi, bibi yetu, mama ya mama Malaika. Mukwe wako. Nikaenda na kopo lote chini ya kwapa, napiga mruzi.

Alikuwa kwenye mashini. Akasema, "Murefu, umekuja kuvunja mulango wangu?" Nikasema, "Nkambo, nimekuja kukuonyesha utajiri." Nikamwaga karata kwenye meza yake.

Mashini ikasimama. Akashika Mama wa Soko, akaileta karibu na macho, akaipeleka mbali. Akachukua Samaki. Akachukua Chumvi. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja mahali sindano iko, bila kioo, Mujomba. Mimi nilitumia siku mbili.

Na mimi, mwerevu wa Alunguli nzima, nikaona hiyo, nikaendelea kusema. Nikasema, "Nkambo, na hii je, nimechora mimi." Nikamupa Mupenzi wa Sindano.

Akaisoma. Akaniangalia. Akasema polepole, "Huyu mwenye shingo ndefu ni nani?"

"Ni mupenzi wa Mujomba Sudi wa wakati wa vita. Walikaa wote wiki saba."

Mama yangu alikuwa anaingia mulangoni na sinia ya mihogo, kumupelekea. Alisikia yote. Sinia haikuanguka, ilikuja kwenye mugongo wangu. "Wiki saba Sudi alikaa nyumba gani, wewe? Nyumba gani? Hii uliyosimama ndani yake."

Mujomba, ardhi ilikuwa ngumu, haikupasuka. Nimemuita mukwe wako mupenzi wako, kwa mudomo wangu, mbele yake, na kwa picha. Wazee walikaa juzi. Nimehukumiwa jogoo mumoja mweupe, kikwembe kimoja kipya cha kitenge, na kuchota maji yake mwezi muzima. Karata nimeila. Kweli, niliitafuna mbele yao, kartoni na shanga zote. Mzee mumoja alitaka kucheka, akajifanya anakohoa.

Lakini si hiyo inayonisumbua. Siku ya kwanza ya maji, nkambo aliniuliza, "Mutoto, mwenye sikio alipokuandikia, alisema zilitengenezwa na nani?" Jina lako hawezi kulitaja, wewe ni mukwe. Nikajaribu kuzunguka. Akasema, "Sema vile alisema." Nikasema: alisema ni yeye. Basi.

Hakukasirika. Alisema, "Kama alisema ni yeye, ni yeye." Akarudi kushona kifuko changu, akakishona mudomo juu na chini, pande zote, hakuna pa kuingiza karata. Hajawahi kukosea kitambaa, huyo mama. Nilikitoa nje chini ya shati.

Mamy anangoja jina. Feti ni tarehe sita ya mwezi wa saba. Wewe unataka mimi nifanye nini?

Idrissa, asiye na macho

*

Punia, 26 Mei 2024

Mwipwa wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikamsomea Malaika. Alicheka mpaka watoto wakaamka kutoka usingizi wa mchana. Nilipofika kwenye kifuko aliacha kucheka. Akaniambia, "Umemuibia mama yangu." Hajanisemesha vizuri siku tatu. Kwa hiyo salamu za huku ni hizo.

Sasa nitakuandikia kama ninavyoweza, na wewe utasoma pale nisipoweza.

Katika nyumba ile aliishi mama mmoja mwenye mashini ya kushona. Mume wake alikwama Kisangani. Binti yake alikuwa Lokandu kwa nkambo yake, naye hakuwa na njia ya kurudi. Hakujua kama mtoto anakula. Uzi wa kushonea uliisha wiki ya kwanza, wateja waliisha kabla ya uzi. Akapata mvulana mwoga mwenye bidoni ya mawese, anayeruka kila risasi. Ni yeye aliyechukua kartoni na mkasi. Akaniambia, "Sikio, chora mnyama. Nikicheka, unakula kwanza." Nikachora mamba. Alicheka.

Sheria ya Kuku kupita Bariyeri ni yake. Treni ni yake. Chumvi kuyeyuka kwenye Mvua ni yake, alisema hata mwenye nguvu lazima awe na wa kumwogopa, la sivyo mchezo hauna utamu. Mimi nilileta wanyama tu. Tulikaa mkeka mmoja, goti kwa goti, tukala sahani moja, akanipiga mkono nilipoficha karata, na mimi nikamwita mwizi, na yeye akaniita mambo ambayo siwezi kuandika. Siku hizo bila yeye ningekuwa nimepagawa. Sindano na sikio tulizificha kwa kubishana, kila mmoja aifiche alama yake mwenzake asiione. Ile ya reli, kweli, mimi mwenyewe niliikosa mpaka aliponionyesha.

Miaka sita baadaye nilimwona msichana kwenye arusi kule ng'ambo ya mjini. Nilipoulizia ni wa nani, nilikuwa nimeshanasa. Siku mahari ilipopokelewa, yule mwenye mashini akawa mkwe wangu. Unajua kwetu. Mbele yake ninapita upande wa pili wa njia. Jina lake halimo mdomoni mwangu, kicheko chake si halali kwangu kusikia. Nilipata mke na nikapoteza mchezaji wangu, na hakuna mtu wa kumlalamikia hilo, maana ni heshima.

Ulipouliza nani mwenye sindano, ningejibuje? Niandike kwamba mkwe wangu aliniita majina na mimi nikamnyang'anya karata? Nikaona ni heri niseme ni mimi, basi. Nilifikiri ninamsitiri. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kusitiriwa mpaka akafutwa.

Kwa hiyo hivi. Kwangu yeye ni mkwe, kwako ni nkambo, na nkambo unataniana naye, unamtaja, hata uvunje mlango wake. Nimekuachia mstari hapa chini. Uujaze wewe kwa mkono wako, umpelekee Mamy, kisha umwonyeshe mwenyewe kabla ya mashini kuwaka:

Karata hizi zilitengenezwa na ................................ , ambaye ndiye aliyeanza, na Sudi, aliyesaidia kuchora wanyama.

Na umwambie, si kutoka kwangu, umwambie tu kama umesikia njiani, kwamba mwenye sikio hajapata tena mtu wa kumshinda.

Sudi

*

Alunguli, 8 Julai 2024

Mujomba mupendwa, wewe na mama Malaika aliyekusamehe, naamini, maana barua yake imenifikia na ameanza kukuita "mutoto wangu mukubwa" humo ndani,

Sisi ni wazima na tumeshiba. Jana njo tulimaliza kula mabaki ya feti. Mama alicheza ngoma, goti na yote. Mwezi wangu wa maji umekwisha, lakini bado nachota, kwa vile nimezoea na tena nkambo ananipa andazi.

Nilijaza ule mustari. Niliandika Mwanahamisi kwa herufi nzuri, bila kosa hata moja, unaweza kupumzisha biki yako. Nikamupelekea. Alisoma. Akasema nimusomee tena, hajavaa miwani. Alikuwa amevaa miwani, Mujomba. Nikasoma mara tatu. Kisha nikamwambia lile neno nililosikia njiani. Akainama kwenye mashini, akasema, "Hata mimi nimesikia hivyo." Jioni ile vifuko vyote arobaini vilikuwa tayari, vyenye midomo.

Halafu matatizo yakaanza, maana mukwe wako ana maneno. Kwanza: jina lake liwe juu, kubwa. Nikasema sawa. Pili: lako liwe chini yake, dogo kidogo, kwa vile mamba ni muhogo wenye meno. Sikumwambia hayo mimi, ameyaona peke yake. Nikasema sawa. Mamy akapanga, akatoa karatasi ya kwanza, mimi nikakimbia nayo kumuonyesha.

Aliitazama, akashika kifua. "Murefu, hii si kitu. Angalia. Mimi na yeye tumeshikana."

Ilikuwa kweli. Majina mawili, moja juu ya lingine, yamegusana kama watu kwenye mukeka mumoja. Mukwe na mukwe. Kila muntu ku muji wetu wa Kindu angesoma hiyo na kuvuta mudomo. Nikarudi kwa Mamy. Mamy akaacha nafasi ya kidole. Nkambo akasema haitoshi, bado wanaonana. Akaacha ya vidole viwili. Bado. Mara ya nne Mamy aliniambia nikirudi tena niende na mashini nyumbani.

Nilifikiri sana, kwa kichwa hiki unachokijua. Wakwe wakitaka kuongea, hukaa mutu katikati, mumoja anamwambia yeye, yeye anamwambia mwenzake. Au siyo? Basi nikaweka mutu katikati.

Pakiti thelathini na tisa zimeondoka ku feti, watoto walicheza mpaka nyasi ikaisha. Hii moja nakutumia kwa Gérard, nimeifunga kwa plastiki. Soma ile karatasi iliyoshonwa juu ya kifuko. Imeandikwa MWANAHAMISI. Chini yake imeandikwa IDRISSA, kwa herufi nene kupita zote, ili pasiwe na pa kuchungulia. Chini yangu, umetulia na heshima yako, SUDI.

Usiniambie sikutengeneza kitu. Mimi njo pazia.

Mwipwa wako,
Idrissa